Muhogo Nilioutoa Gizani

Mwezi uliopita, hapa Musoma, muuguzi mmoja kijana alinifungua bandeji ya kidole cha mguu. Sukari yangu ilikuwa imepanda tena na kidonda kimegoma kufunga. Akachovya pamba kwenye dawa ya kahawia, akainama. Pamba ilikuwa haijanigusa, lakini harufu ilikuwa imeshafika, nami nikajikuta nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Inauma sana, babu?"

"Hapana, mama. Ni harufu tu."

Alicheka, akadhani ni utani wa wazee. Ninyi wa rika langu mliosoma shule ya msingi miaka ile ya foleni huenda mna harufu zenu zinazowashika namna hiyo: sabuni ya magadi, unga wa njano wa msaada, mafuta ya taa yaliyochanganywa na maji. Yangu ni aidini. Ikinifikia puani huwa mtoto tena, na huwa naogopa.

Kwetu ni Bukima, kijiji cha kando ya ziwa, mahali penye majabali makubwa ambayo akina mama hutumia kuanikia. Miaka ninayoisema, duka la kijiji lilikuwa na mwuzaji, mizani na rafu ndefu za mbao. Bidhaa ndizo hazikuwepo. Wavuvi walikuwa na ziwa zima mbele yao lakini nyavu zilikuwa zimeoza na uzi wa kuzishonea haupatikani, kwa hiyo hata furu, samaki wadogo tuliokuwa tukiwadharau, waligeuka kitoweo cha wageni. Baba alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo hapa mjini, na kiwanda kilikuwa kikisimama zaidi ya kinavyofanya kazi. Nyumbani tulikuwa Bibi mzaa baba, Mama, mimi, na mdogo wangu Nyafuru ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Chakula chetu kilikuwa muhogo. Asubuhi muhogo, jioni muhogo, na sukari tulikuwa tukiikumbuka kama mtu anavyomkumbuka ndugu aliyehama.

Ndiyo maana darasa zima lilikaa wima siku Mwalimu Wambura, mwalimu wetu wa Sayansi, alipoingia na tawi la mpera akasema kwamba majani yanatengeneza sukari.

"Jani ni jiko," alisema. Alikuwa mtu wa Butiama, mwembamba, mwenye shati moja jeupe aliloling'arisha sijui kwa sabuni gani. "Moto wake ni jua. Maji yanapanda kutoka mizizini. Hewa inaingia kwa vinywa vidogo vidogo vilivyoko upande wa chini wa jani, vingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Vyote vinapikwa ndani ya rangi hii ya kijani, na kinachotoka ni sukari. Inaitwa glukosi." Akaandika neno hilo ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu, kwa sababu chaki nayo haikuwepo.

Majura, jirani yangu wa dawati na wa nyumbani, akainua mkono. "Sukari ya chai, mwalimu?"

"Ndugu yake."

"Sasa mbona dukani wanasemaga haipo?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Sisi hatukucheka. Mapumziko yalipofika tulivamia miti ya shule kama nzige.

"Nyie, la mpapai chungu kama kwinini!"

"Hujui kutafuna. Sukari iko kwenye mshipa."

"Tafuna mshipa basi, mbuzi wewe."

Nilitafuna majani ya mpera, ya viazi na ya mti mmoja ambao mpaka leo sijui jina lake, nikapata ulimi wa kijani na tumbo la kuuma. Lakini kilichonikaa zaidi ya sukari ni vile vinywa. Njia ya kurudi nyumbani ilipita katikati ya mashamba ya muhogo, na muhogo ulikuwa mrefu kuliko mimi. Nilianza kupita pale nikikimbia, nimeinamisha shingo, nikiamini kwamba juu yangu kuna vinywa visivyo na idadi, vimefunguka, vinapumua, na kwamba siku moja kimojawapo kitanena.

Juma lililofuata Mwalimu Wambura alituonyesha ushahidi. Alikuwa amepanda miche miwili kwenye makopo, mmoja akauacha dirishani, mwingine akaufungia ndani ya kabati la ofisi ya mwalimu mkuu kwa siku kadhaa. Alichuma jani kwa kila mche, akayachemsha, kisha akahitaji spiriti ya kutolea ile rangi ya kijani. Spiriti haikuwepo wilaya nzima. Akatoa kichupa mfukoni, akamimina, na darasa likanuka gongo. Sote tulimgeukia Majura, maana gongo ya kijiji chetu ilipikwa na mtu mmoja tu, naye ni mama yake.

"Mnaniangalia nini?" alisema Majura. "Ni spiriti hiyo."

"Ni spiriti," alisema Mwalimu Wambura, bila kuinua macho. "Na atakayesema vingine atachimba choo cha shule."

Majani yalitoka meupe, yamelegea kama ngozi ya mtu aliyekaa majini. Hapo ndipo alipofungua chupa ya aidini aliyoazima zahanati. Matone yakadondoka. Jani la dirishani likawa jeusi, jeusi la kuelekea bluu, na mishipa yake yote ikaonekana, mikubwa na midogo, kama njia za kijiji ukizitazama kutoka mlimani. Jani la kabatini halikubadilika, likabaki kahawia kama dawa yenyewe.

"Weusi ni wanga," alisema. "Sukari inayopikwa mchana inageuzwa wanga na kuwekwa akiba. Nyingine inashuka kwa hii mishipa mpaka mizizini. Tazameni." Akachukua kipande cha muhogo, akakidondoshea dawa. Kikawa cheusi papo hapo. "Muhogo ni ghala. Jua mnalolikwepa chini ya miti ndilo mnalokula jioni."

"Na hili la kabatini?" niliuliza.

"Limekaa gizani. Jiko halina moto. Basi limekula akiba yake lenyewe mpaka ikaisha."

Mwalimu alisema maneno mengi mwaka ule, lakini mimi nilienda nyumbani na hayo tu. Niliyaelewa kwa namna ya mtoto mwenye njaa. Nilikuwa namwona Mama akifunga kanga yake ikizunguka kiuno mara nyingi kuliko zamani. Nilikuwa naiona mikono ya Nyafuru, viwiko vikiwa vinene kuliko sehemu nyingine. Nikajua sasa kinachowapata watu: wanakula akiba yao wenyewe. Nikajua pia adui ni nani. Adui ni giza.

Sasa niwaeleze msiotoka kando ya ziwa. Muhogo tunaolima kule ni mchungu, wenye sumu, na hata mtoto anajua kwamba haupikwi hivi hivi. Unamenywa, unarundikwa pembeni mwa nyumba, unafunikwa kwa majani na magunia, unaachwa gizani mpaka upate joto na kuota ukungu. Kisha unakwanguliwa, unapondwa, unaanikwa juu ya jabali. Unga wake ndio udaga. Nilizaliwa nikikuta hivyo, na sikuwahi kujiuliza ipi katika kazi hizo ndiyo inayotoa uchungu. Baada ya somo lile nilijiuliza, nikajijibu mwenyewe: ni jua. Mwisho wa yote si tunauanika? Kazi ni ya jua, na giza ni mwizi tu anayekaribishwa ndani kwa mazoea.

Bibi alikuwa ameketi chini akimenya. Alikuwa akiniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu.

"Bibi, ukiufunika utakula wanga wake."

"Nani atakula?"

"Muhogo wenyewe. Mwalimu ametuonyesha."

"Muhogo una meno?"

"Hauna, lakini—"

"Basi niletee magunia, mume wangu. Huyo mwalimu wenu huko kwao wanavundikaga nini?"

"Kwao Butiama wanakula ulezi."

"Aa! Ndiyo maana." Akacheka, akanipiga begani kwa mkono wenye utomvu. "Ulezi hauna ukali. Huu una ukali. Ukilala kwenye joto, ukali unatoka."

Nilimletea magunia. Nilimsaidia hata kufunika. Lakini nilifanya kwa woga, kwa sababu ule ulikuwa muhogo wa mwisho wa shamba la karibu na nyumba, na mimi nilikuwa nimeliona jani la kahawia kwa macho yangu.

Mama alikuwa ameondoka kwenda Manyamanyama, Bunda, kwa mama mdogo, na fungu la dagaa alilokusanya kwa shida, akabadilishe kwa mahindi. Siku mbili tatu baadaye habari ikaja kwamba kuna msiba wa ndugu Mugango. Bibi akajifunga kanga, akatuachia viazi vichache vilivyochemshwa.

"Nitarudi kesho," alisema. "Ukikwama nenda kwa mama Majura. Na hayo magunia usiyafunue."

Hakurudi kesho. Tulikuja kujua baadaye kwamba maziko yalimngoja mtoto wa marehemu aliyekuwa Musoma, na gari la kumleta halikuwa na petroli. Sisi tulijua tu kwamba viazi vimekwisha.

Adhuhuri nilisogea kwenye rundo nikaweka kiganja juu ya gunia. Lilikuwa na moto. Nilishtuka nikarudisha mkono. Moto ule ulikuwa kama wa paji la uso la mtu mwenye malaria, na kwa akili yangu kitu chenye moto ni kitu kinachokula. Nikafunua. Muhogo wote ulikuwa umeota manyoya ya kijivu na meusi. Nimeuona ukungu huo maisha yangu yote, lakini siku hiyo niliuona kwa mara ya kwanza kama meno.

"Nyafuru! Lete ndoo!"

"Bibi alisema tusifunue."

"Bibi hajui. Unaliwa huu. Lete ndoo!"

Tuliutoa wote. Tulikwangua ukungu kwa kisu na kwa kucha, tukauosha, tukaupanga juu ya jabali, mimi nikikimbia na Nyafuru akinifuata na vipande viwili viwili mikononi, akiimba. Jua lilikuwa kali, na jioni ya pili muhogo ulikuwa mweupe, mkavu, safi kuliko muhogo wowote uliowahi kutoka kwa Bibi. Nilisimama pale nikautazama. Nilikuwa nimeokoa chakula chetu kutoka kabatini.

Bibi alikuwa bado hajarudi, na kwa mama Majura sikwenda, kwa kuwa chakula nilikuwa nacho. Nyafuru alikuwa amelala ubavu akinyonya kidole, jambo aliloliacha zamani. Nikatwanga vipande vya kutosha mlo mmoja, nikachekecha, nikachemsha maji, nikasonga ugali. Tulikula kwa mlenda na chumvi, mimi kidogo kwa kuwa nilitaka yeye ashibe. Alipofika katikati aliacha kutafuna.

"Kaka, unawasha mdomo."

Mimi pia nilikuwa nimeuhisi uchungu nyuma ya ulimi. Nikamwambia: "Ndiyo wanga huo. Kula."

Akala.

Nimekosa mengi katika maisha. Nimewakosea mke wangu na wanangu, na nimewahi kuomba msamaha kwa makosa makubwa kuliko ya mtoto wa darasa la tano. Lakini neno lile, kula, nililolitamka kwa sauti ya mwalimu, nimelisikia kila ninapomlazimisha mtu afanye nijualo mimi.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nyafuru alikwenda mlangoni akaketi, akashika kichwa. Alisema nyumba inazunguka. Kisha akatapika, akatapika tena, na alipotaka kusimama miguu ilimkataa, akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa chepesi na moyo ukienda mbio, na sikujua kama ni sumu au ni woga. Nilimwita jina. Aliniangalia lakini hakunijibu. Alikuwa akivuta pumzi kwa haraka, mdomo wazi, na mimi nikakumbuka vile vinywa vya chini ya jani.

Mama Majura alikuwa akikoleza moto chini ya pipa lake nilipomfikia. Sikumaliza sentensi. Aliacha pipa, moto na yote, akaja akamtupa Nyafuru mgongoni, akamfunga kwa kanga.

"Amekula nini?"

"Muhogo."

"Wa Bibi yako?"

"Wa kwangu," nilisema. "Niliutoa kabla."

Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwenye kutukana hata kuku, na njia nzima ya kwenda zahanati hakusema kitu ila, "Nyafuru, mama, usilale. Nyafuru, unanisikia? Usilale." Mimi nilitangulia mbele nikiondoa mawe njiani, kazi isiyo na maana, lakini sikuweza kukimbia bila kufanya kitu.

Mganga wa zahanati alimlaza kwenye benchi, akamfunua macho, akanigeukia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kabati, jani, ukungu, jabali. Sijui alielewa nini. Aliuliza tu, "Ulikuwa haujaiva kwenye magunia?" Nikasema haukuwa umeiva. Akaenda kwenye sanduku akarudi na chupa moja ya dripu.

"Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya akina mama wanaojifungua," alimwambia mama Majura. "Ni hii tu. Tumwombe Mungu."

Aliitundika msumarini. Alimsugua mkono Nyafuru kwa pamba ya aidini, na harufu ikajaa chumba. Chupa ilikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kizungu, na kwa kuwa sikuwa na pengine pa kutazama, nikayasoma herufi kwa herufi. Lilikuwa lile neno la ubaoni. Glukosi.

Nilikaa sakafuni chini ya ile chupa. Maji yake yalikuwa meupe kabisa, hayakuwa na kijani hata chembe, na yalidondoka taratibu mno. Niliogopa yataisha. Niliogopa hayataisha, na yeye ataisha kabla yake. Niliwaza majani yote niliyotafuna shuleni, majani yote ya Bukima na Mugango, jinsi yalivyokuwa yakipika sukari siku nzima bila kelele, na kwamba katika yote hayo iliyopatikana kwa ajili ya mdogo wangu ni chupa moja. Nilianza kuyaahidi majani mambo ya ajabu. Sitachuma tena. Sitapita chini yenu nikikimbia.

Mwalimu Wambura aliingia akiwa na shati limetoka nje ya suruali. Majura ndiye aliyekwenda kumwita. Alimtazama Nyafuru, akaitazama chupa, kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Ni kweli ulisema hivyo? Kwamba giza linakula wanga?"

"Wewe ulisema, mwalimu."

Aliitazama tena ile chupa. Alikuwa anaogopa, na kuona mtu mzima anaogopa kitu kilekile ninachokiogopa mimi kulinifanya nilie kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Jani lile lilikuwa hai," alisema polepole, kama mtu anayetafuta njia kwenye giza. "Kitu kilicho hai kinapumua, na kikipumua kinatumia akiba. Muhogo nao ungetumia, kidogo. Kidogo sana. Ungebaki mwingi. Na ule ukali... ule ukali mimi sikuufikiria. Kwetu hatuna huu mchungu." Akapangusa uso. "Uliuliza swali moja darasani. Ilinipasa na mimi nikuulize."

Akakaa sakafuni pembeni yangu, na suruali yake ya mwalimu, mpaka Nyafuru alipoomba maji.

Nilipokwenda sekondari, miaka ile ya ruksa, sukari imerudi madukani na mitumba imejaa minadani, mwalimu wa Baiolojia alitueleza mambo ambayo mmea hufanya na glukosi yake. Huipumua kupata nguvu. Huijengea kuta za seli, zile zinazofanya shina lisimame. Huigeuza mafuta ndani ya mbegu. Huihifadhi kama wanga. Mwishoni akasema kwamba muhogo mchungu hufanya na jambo jingine: huchukua sukari hiyohiyo na kuifunga pamoja na sumu, ili sumu ikae kimya isiudhuru mmea wenyewe. Ukiuponda, au ukungu ukiulainisha, fundo linafunguka na sumu inatoka hewani. Ukiuanika mzima ukakauka haraka, fundo linabaki. Darasa liliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje. Sikuwahi kumweleza Bibi jambo hilo. Nilirudi likizo nikakuta nafasi nyingi za kumweleza, nikaona atachoka kusikiliza, akafa bila mimi kusema.

Na Bibi alistahili kuelezwa, kwa sababu alibeba mzigo usio wake wote. Aliporudi kutoka Mugango alilikuta jabali letu na muhogo mweupe juu yake, na majirani wakimsubiri. Hakunipiga. Aliketi karibu na Nyafuru, ambaye sasa alikuwa amerudishwa nyumbani, akamsugua miguu kwa mafuta ya samaki.

"Hata mimi," alimwambia Mama siku Mama aliporudi na debe lake la mahindi, "mavundiko yale mawili ya nyuma niliyafunua kabla. Njaa, mwanangu. Nilisema utakuwa umeiva tu. Mtoto alikuwa ameshaanza kuula ukali kabla ya huyu kuugusa."

Mama alimtazama, akanitazama mimi. Ningeweza kusema, Hapana, Bibi, ni mimi. Nilikuwa nimesema kwa mama Majura, kwa mganga, kwa mwalimu. Lakini pale, mbele ya Mama, nilikubali Bibi achukue nusu. Mpaka leo sijui nusu ile ilikuwa ya nani. Najua tu kwamba miguu ya Nyafuru ilichelewa kurudi, na kwamba hadi sasa, akiwa bibi wa watu, kisigino chake kimoja hakikanyagi chini sawasawa.

Lakini kilichokuwa kinatutisha siku zile hakikuwa miguu. Nyafuru alikataa kula. Uji wa mahindi alikunywa, kwa kuwa ulikuwa wa njano na alimwona Mama akiusaga. Kila kitu cheupe alikifungia mdomo. Na debe la mahindi ni debe tu. Likaisha.

Bibi alikuwa ameshavundika upya, muhogo wa shamba la mbali. Safari hii alinikabidhi mimi. Nilifunika kwa mikono yangu, nikaupima joto kila siku kwa kiganja, na siku zake zilipotimia nikaukwangua na kuuponda kwenye kinu. Ulipopondeka ilitoka harufu kali iliyoniingia machoni. Bibi alinivuta bega. "Geuza uso. Iache itoke." Tukauanika mpaka ukakauka kabisa.

Mchana ule tuliketi wanne kuzunguka sahani ya ugali wake. Nyafuru alikuwa ameegemezwa ukutani, macho makubwa, midomo imekaza. Bibi akamega tonge akala. "Umeona? Mtamu."

Nyafuru akatikisa kichwa. "Bibi ni mtu mkubwa."

Mama akala. "Na mimi nimekula, mwanangu. Haya."

"Na Mama ni mtu mkubwa."

Akainua kidole. Kilikuwa chembamba sana. Akaninyooshea mimi. "Yeye."

Nilikuwa nimeufanya muhogo ule mwenyewe kwa kila hatua, na bado kila sehemu ya mwili wangu ilikuwa inakataa. Nilimega. Lilikuwa la moto. Niliweka mdomoni nikatafuta ule uchungu nyuma ya ulimi, nikautafuta kila mahali, sikuuona. Nikameza. Nyafuru alikuwa ananiangalia koo.

"Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Subiri."

Tukasubiri. Mama alitaka kusema kitu, Bibi akamgusa goti. Mvuke uliisha juu ya ugali, nzi akatua ukingoni, hakuna aliyemfukuza.

"Kichwa kinazunguka?"

"Hakizunguki."

"Simama."

Nikasimama.

"Tembea."

Nikatembea mpaka mlangoni nikarudi. Nikaketi. Akanitazama muda mrefu kuliko mtoto wa umri ule anavyoweza kumtazama mtu. Kisha akajiinua kutoka ukutani, akanyoosha mkono, akamega tonge dogo la ukubwa wa harage. Hakulila. Alilishika.

"Wewe tena kwanza," alisema.

Nikamega la pili, nikala. Naye akala. Ugali ulikuwa umeshapoa, tukaumaliza hivyo, tonge langu mbele, la kwake nyuma, mpaka sahani ikabaki tupu.